Walokole wenzangu wa Dar: tukitofautiana tunaendeana, au tunasemana madhabahuni? (Kisa changu na jani la sale)

#1 Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili limenikaa kifuani tangu Pasaka.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara, kwetu ni Marangu. Nimekulia KKKT, kanisa la Kilutheri, nikapata kipaimara, nikaokoka kidato cha tatu kwenye kambi ya Pasaka ya UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Tangu niolewe tunaabudu kanisa la kipentekoste huku huku njia ya Morogoro. Ni kanisa la mabati, feni nne, na watu walionibeba mimba ya pili iliponiletea presha. Kina mama walipokezana kunifulia na kunipikia karibu miezi mitatu. Hilo nalisema mapema ili ijulikane sijaja kulichafua kanisa langu. Nalipenda.

Miaka miwili iliyopita baba alifariki hapa Dar, tukamsafirisha kwenda kumzika nyumbani. Mchungaji wa usharika alipomaliza, mashada yakawekwa, baba mdogo akaja na vichipukizi vya sale, akavipanda upande wa kichwa na upande wa miguu wa kaburi. Kwa msiojua, sale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao hapa mjini watu wanaupanda uani kama pambo. Kwetu unapandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na makaburini. Na jani lake ndilo la kuombea msamaha: aliyekosa akikuletea sale, kumkatalia ni jambo zito sana.

Mimi siku ile nilikuwa natoka kwenye mfungo wa siku tatu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba sale kaburini ni agano na wafu. Nikapita mbele za watu wote nikaving'oa, kimoja kimoja, huku nakemea kwa sauti. Shangazi yangu, dada yake baba, alikaa chini kwenye udongo na kitenge chake kizuri, akajifunika uso. Baba mdogo akaniangalia akasema, "Wewe si mtoto wa kaka yangu."

Hatukusemezana tena. Sikukuu zikapita, mdogo wangu akaoa, kila mmoja akakaa upande wake wa ukumbi.

Jumamosi baada ya Pasaka, saa kumi jioni, nasikia hodi. Nafungua, ni baba mdogo. Ana miaka zaidi ya sabini. Alikuwa amepanda basi peke yake kutoka Moshi, akashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, akachukua bodaboda huku ameshika karatasi yenye namba ya simu ya mume wangu. Alivaa lile koti lake la kijivu la ibada, na joto la Dar mnalijua. Mkononi alikuwa na gazeti lililokunjwa. Akalikunjua, ndani mna jani moja la sale, limeanza kunyauka nchani.

Nikamwambia karibu ukae. Hakukaa. Alisimama pale pale mlangoni akasema lile neno la makaburini limemnyima usingizi, na kwamba siku ya ufufuo kaka yake atamwuliza mwanangu ulimfanyia nini.

Wapendwa, aliyeng'oa ni mimi. Aliyeleta jani ni mkubwa wangu.

Na bado mkono wangu haukunyooka. Nataka mlielewe hilo. Nilisimama na mwiko wa ugali mkononi, kichwani nasikia mafundisho ya miaka kumi: usipokee, usishike, utafungua mlango. Mzee ananyoosha jani, mkono wake unatetemeka. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mtoto wangu mdogo ndiye aliyeuliza nyuma yangu, "Mama, babu analia?"

Nililipokea kwa mikono miwili, nikapiga magoti pale pale kizingitini nikamwomba radhi. Ugali uliungua. Tulikaa mpaka saa sita usiku, na ndipo nilipojua kwamba baba mdogo aliokoka kabla mimi sijazaliwa, kwenye mikutano ya uamsho, na ni mzee wa kanisa. Miaka yote hiyo nilimhesabu kuwa mpagani aliyebatizwa. Sikuwahi kumwuliza.

Sasa shida yenyewe. Jumatano nikashuhudia kwenye kanisa la nyumbani. Nilidhani watafurahi. Wawili walilia na mimi. Wengine wakanyamaza, na dada mmoja akaondoka kabla ya sala ya kufunga. Kabla sijalala meseji zimejaa kwenye kundi la WhatsApp. Jumapili mchungaji akahubiri juu ya "watu wanaokemea asubuhi na jioni wanapokea majani". Hakunitaja. Hakukuwa na haja, watu waligeuka kuniangalia. Kwa wiki tatu hakuna aliyenipigia simu kuniuliza ilikuwaje.

Swali langu si sale peke yake. Kwa sale niko tayari kufundishwa. Swali ni kwamba Mathayo 18:15 tunaikariri wote: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Mbona mzee wa kijijini mwenye jani lake alipanda basi akanifuata, na sisi tunaokaa mtaa mmoja tumeshindwa kuvuka barabara?

#2

Dada pole, lakini nitakwambia ukweli kwa upendo. Mimi sikukulia kanisani. Babu yangu alikuwa mganga, na baada yake mizimu "ilimchagua" dada yangu. Nimeona mtoto wa miaka kumi na nne ananyolewa nywele, anafungwa shanga, anaambiwa kuanzia leo wewe ni bibi yetu. Tulikuwa na majani pia, si sale, mengine. Yalikuwa na kazi yake kila moja. Niliokolewa kwenye mkutano wa hadhara viwanja vya Jangwani, na vile vifaa tulivichoma sisi wenyewe, mimi na dada.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ni jani tu", mwili wangu unakataa. Kuna wanaoweza kulishika likabaki jani. Mimi siwezi, na watoto wangu sitawafundisha kulishika. Sisemi umekosa wokovu. Nasema mchungaji wako ana kundi lenye watu kama mimi, na yeye anatuona sisi anapohubiri.

#3

Hama kanisa dada. Dar makanisa yapo kila kona.

#4

Mleta mada, mimi ni Mlutheri wa Old Moshi, naishi Tabata. Mjadala wako una zaidi ya miaka mia moja, hujauanzisha wewe.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Wengi waliona mila zote ni giza. Mwaka 1902 akaja Bruno Gutmann, akatumika kwetu Old Moshi miaka mingi, hadi 1938, ukitoa miaka ambayo Wajerumani waliondolewa baada ya Vita vya Kwanza. Huyu alikaa na wazee akawasikiliza, akajifunza lugha hadi mafumbo yake, na mwaka 1926 akachapisha kitabu kinene juu ya sheria za Wachaga. Msimamo wake ulikuwa kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na kanisa lisivikate bali lijengwe juu yake. Alipingwa sana, na kwa sehemu kwa haki, maana kuna mahali aliupenda ukale kuliko hata wenyewe walivyoupenda. Vijana wa siku zile walitaka shule na kahawa, yeye anawataka wabaki kama babu zao.

Lakini kaa na jambo hili: jani lile lile lilitumika kwenye tambiko na kwenye kusameheana. Asikudanganye mtu kwamba ni la upande mmoja tu. Ndiyo maana mchungaji wako ana hoja na baba yako mdogo ana hoja. Baba yako mdogo hakukuletea sale ule nalo mbuzi wa mizimu. Alikuletea neno la "nisamehe" katika lugha ambayo mdomo wake unaiweza.

#5 Mleta mada

#3 nashukuru, najua unanitakia mema. Sihami. Wale kina mama walionifulia nguo za hospitali siwezi kuwaacha kwa sababu ya mahubiri ya Jumapili moja. Halafu tazama tulivyofanya mji huu: tukikosana na mchungaji tunahamia Sinza, tukikosana na wa Sinza tunafungua huduma sebuleni, viti ishirini na spika. Nimeshuhudia kanisa likigawanyika mara mbili ndani ya miaka mitano kwa ugomvi ulioanza kwenye kamati ya ujenzi, na mpaka leo pande zote mbili zinasema ni roho ya uasi ya wale wengine. Hakuna aliyesema "tulitofautiana".

#2 kaka yangu, wewe nimekusoma mara tatu. Nimelia kwa ajili ya dada yako. Na umenifundisha kitu ambacho mchungaji angeweza kunifundisha kama tungeketi: kwamba niliposhuhudia ile Jumatano, huenda yule dada aliyeondoka alitoka kwenye nyumba kama yenu. Sikumfikiria. Nilisimulia kwa furaha yangu tu. Nitamtafuta.

Nakuuliza wewe sasa, si kwa kubishana. Ungekuwa wewe mlangoni, na mzee ni baba yako mdogo, ungefanyaje?

#6

Mimi natoka Kagera. Bibi yangu alikuwa mlokole wa kwanza kwanza, na neno lenyewe "mlokole" lilitujia kutoka Uganda, balokole, yaani waliookolewa. Uamsho ule unaanzia Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mzungu na Mwafrika, enzi za ukoloni, wanaungamiana dhambi. Bibi alikuwa anasema kiini cha uamsho kilikuwa hapo, kutembea nuruni. Ukiwa na neno na ndugu yako humalizi wiki. Ulikuwa unamwendea unamwambia, "Nilikuwa na wivu juu yako, nisamehe," na yule anaimba *Tukutendereza*, ule wimbo wa sifa wa Kiganda, na kukukumbatia.

Nao walikuwa na ukali wao, tusiwapake sukari. Walitingisha makanisa. Mwaka 1941 kule Mukono, Uganda, chuo cha kanisa kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwamo, kwa kukataa kuacha maombi yao ya alfajiri. Lakini hawakwenda kuanzisha dhehebu, wengi wao walibaki ndani ya kanisa lile lile. Hilo ndilo tumelipoteza sisi wajukuu wao. Jina tumelishika, kuendeana tumekuacha.

Na mtoto wa uamsho huo huo, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, Mwafrika wa kwanza, kwenye mkutano mkuu uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1977. Mkutano huo ndio uliotamka kwamba kuukataa ubaguzi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, kanisa haliwezi kusema "kila mtu na mtazamo wake". Nayataja haya kwa sababu kuna mambo ya kusimama na kusema hapa hatupatani, na kuna mambo ya kukaa mkeka mmoja mkatofautiana. Ubaguzi ulikuwa wa kundi la kwanza. Jani la mzee aliyekuja kuomba radhi mimi nashindwa kuliweka huko.

#7

#6 nakubaliana nawe nusu. Mpaka uko wapi? Leo ni sale, kesho mtu atasema kumwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kihambani ni "kumkumbuka babu", keshokutwa anachinja. Kila tambiko lina mtu wa kulieleza vizuri.

Wakristo wa kiinjili wa dunia walipokutana Lausanne, Uswisi, mwaka 1974, tamko lao, ambalo mchungaji Mwingereza John Stott aliongoza kuliandika, lilisema juu ya utamaduni kwamba lazima upimwe kwa Maandiko: kuna uzuri na wema ndani yake kwa kuwa watu wameumbwa na Mungu, umetiwa doa na dhambi kwa kuwa watu wameanguka, na mengine ni ya kishetani. Mleta mada apime hivyo. Aseme wazi: lile la kaburini je? Maana amekwepa.

#8 Mleta mada

#7 umenishika pazuri. Sijakwepa, nilikuwa naogopa.

Nilimwuliza baba mdogo usiku ule: ulipopanda sale kwa baba ulikuwa unamwambia nini, ulikuwa unaongea naye? Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, nilikuwa naweka alama ng'ombe wasikanyage, na watu wajue huyu ana ndugu." Halafu akanyamaza, akaniambia jambo ambalo hakulazimika kunieleza: kwamba shangazi yeye huwa anakwenda pale na kuongea na baba, na akifika hapo huweka chakula. Na kwamba yeye mwenyewe amemwonya mara mbili, akiwa naye peke yake, na hajaona haja ya kumwaibisha mbele za watu.

Kwa hiyo jibu langu. Mmea ule ule, kaburi lile lile. Kwa baba mdogo ni alama, kwa shangazi ni mlango. Nisingeweza kulijua hilo kwa kung'oa. Ningelijua kwa kuuliza. Kuweka chakula kwa marehemu sikubaliani nako, na shangazi nitamwambia hivyo, kwa sababu wafu wetu wako mikononi mwa Bwana na hawana njaa. Warumi 14 inasema aliye dhaifu wa imani tumkaribishe, "walakini msimhukumu mawazo yake". Mimi siku ile ya mazishi sikumkaribisha mtu. Nilitaka kuonekana nimesimama imara. Nilijua mama mchungaji yupo kati ya waliosindikiza msiba. Hilo sijawahi kulisema kwa mtu yeyote, ninyi ndio wa kwanza.

#9

Naandika kama mchungaji, kanisa dogo upande wa Mbagala. Dada, nimesoma na nimechomwa. Nimewahi kufanya hivyo hivyo kama mchungaji wako, zaidi ya mara moja. Nikueleze inavyokuwa: unaletewa taarifa Jumamosi usiku na watu watatu, kila mmoja na yake, simu haikauki, na kesho yake una ibada mbili. Kumwendea mhusika kunataka siku, na unaogopa atalia, au atakujibu na utakosa jibu. Madhabahuni hakuna anayekujibu. Huo ndio ukweli wake. Ni rahisi zaidi kusema na watu mia mbili kuliko kusema na mmoja.

Paulo alipoona Petro amekosea Antiokia alishindana naye "uso kwa uso", Wagalatia 2. Mbele ya watu, sawa, lakini Petro alikuwepo, ametajwa, anaweza kujibu. Sisi tunamtengenezea mtu kivuli tunakipiga kivuli.

Usimsubiri aje. Nenda wewe. Mzee wako amekuonyesha njia.

#10 (#2 tena)

Dada umeniuliza ningefanyaje mlangoni. Nimekaa na swali lako siku mbili. Nadhani ningemwambia, "Baba, hilo jani liweke chini, njoo wewe." Ningemkumbatia yeye. Sijui kama angeelewa. Lakini asingebaki mlangoni.

#11 Mleta mada (mrejesho)

#10 umenipa kitu cha kuwaza. Ahsante kaka. Nisalimie dada yako.

Alhamisi nimekwenda kwa mchungaji. Nilimpigia mwenyewe, nikaenda na mume wangu, tukakaa nyumbani kwake, si ofisini. Nilitangulia kumwomba radhi kwa kumwacha ayasikie kwa watu wengine, maana nilishuhudia Jumatano kabla ya kumwambia yeye. Alikaa kimya. Kisha akasema aliambiwa kwamba nililipokea jani "nikaapa nalo". Kuapa! Nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi, mpaka ule ugali.

Mama mchungaji alikuwa anamenya vitunguu pembeni. Nilipofika pale kwenye ile sehemu yake, kwamba siku ya mazishi nilikuwa namwangalia yeye, aliacha kisu. Alisema, "Na mimi nilipiga makofi." Nilikuwa nimesahau. Kweli alipiga.

Mchungaji hajabadilika juu ya sale. Nataka niseme hivyo wazi ili mtu asije akasema nimemshinda. Alinifungulia Kumbukumbu la Torati, tukasoma, nami nikamfungulia 1 Wakorintho 8, ile ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, tukasoma, saa moja na nusu. Anasema angekuwa yeye asingelishika, na kanisani ataendelea kufundisha hivyo kwa ajili ya watu kama #2. Nimemwambia nalielewa na sitalipeleka jani kwenye kanisa la nyumbani wala kulisimulia tena kama ushuhuda bila kujua nani yupo. Lakini juu ya mahubiri yale aliniomba msamaha, na Jumapili amesimama akasema alisema jambo juu ya ndugu bila kumwendea, na kwamba alikosea. Hakueleza zaidi. Watu waligeuka tena kuniangalia, safari hii mama mmoja alisogea kiti akaja kukaa na mimi.

Yule dada aliyeondoka Jumatano bado hapokei simu yangu. Nimepita kwake mara mbili, mara ya pili taa ilikuwa inawaka ndani. Nitapita tena.

Jani liko ndani ya Biblia yangu, limekauka limekuwa rangi ya chai. Mchungaji aliomba alione. Aliliangalia hakuligusa, nami sikumsogezea.

Desemba tunapanda basi kwenda Marangu na watoto. Kaburi la baba halina alama mpaka leo, na baba mdogo amesema hapandi kitu chochote kabla hatujakaa na shangazi watatu sisi. Jana nimempigia shangazi. Aliitika, akasema mtandao unakatika, lakini hakukata.